Khofu Yetu ya Wanafunzi Wanaokaa Kikao

Mwezi uliopita niliingia katika semina ya mwaka wa kwanza, wanafunzi arubaini na kidogo, nikawaambia kwamba siku hiyo mimi nitakaa nyuma. Mada walikuwa nayo na walikuwa wameisoma, au angalau walinihakikishia hivyo. Niliwataka wachague mwenyekiti wa kuongoza mjadala na katibu wa kuandika yatakayosemwa, kisha waendelee wenyewe. Kikapita kimya cha kama dakika tatu, na aliyewahi kusomesha anajua dakika tatu za kimya darasani zina urefu gani. Mwishowe kijana mmoja wa mstari wa mbele akageuka, akaniambia kwa adabu zote: "Mwalimu, tuchagulie wewe."

Sikuwachagulia. Nikawauliza wangapi kati yao waliwahi kukaa dakhalia walipokuwa sekondari. Ikainuka mikono kama kumi na mitano. Wangapi kati ya hao walikuwa wanachama wa klabu yoyote ya skuli? Mikono yote ikabaki juu, na nikafurahi. Basi mlikuwa mkifanya nini katika klabu hizo? Wakatazamana. Binti mmoja akacheka, akasema: "Tulikuwa tunapewa fulana, mwalimu. Akija mgeni tunazivaa."

Darasa zima lilicheka, na mimi nilicheka nao, lakini jawabu lile nimekwenda nalo nyumbani na sijaweza kulitua. Nimeona niliandike hapa, kwa sababu naamini linaeleza jambo kuhusu visiwa vyetu ambalo hatulisemi waziwazi. Tunataka vijana wanaojiamini, tunalalamika kila siku kwamba hatuna viongozi, na wakati huo huo tumeiondoa kwa utaratibu na kwa nia njema ile nafasi moja ambamo kijana wa miaka kumi na sita alikuwa akijifunza kuendesha jambo bila ya mtu mzima kumshika mkono.

Nasema dakhalia makusudi. Skuli zetu nyingi za Unguja ni za kutwa. Mtoto wa Mkunazini au Kikwajuni husoma, akarudi kwao, akacheza mpira uwanjani mtaani, akasikia habari za dunia barazani. Mtoto wa dakhalia hana baraza. Aghalabu ametoka Pemba, au Makunduchi, au Nungwi, na saa zake zote ishirini na nne zimo mikononi mwa skuli: ataamka saa ngapi, atakula nini, atalala lini. Ukimnyima huyu klabu ya kweli umemnyima mtaa. Hapana pengine atakapojifunza kwamba watu walio sawa wanaweza kukubaliana juu ya kitu na kikafanyika.

Wasomaji wangu wa siku nyingi wanaujua udhaifu wangu wa kukimbilia historia, wanistahamilie kidogo. Kusini ya Mji Mkongwe, kwenye njia ya kuelekea Mbweni, palikuwa na skuli ya bweni ya misheni ya Waanglikana ya UMCA, mahali paitwapo Kiungani. Wengi wa wanafunzi wake wa mwanzo walikuwa watoto waliotolewa majahazini na manowari za Kiingereza zilizokuwa zikiwasaka wafanyabiashara wa watumwa. Walikuwa Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengineo, baadhi yao wametekwa wangali wadogo mno, na lugha iliyowaunganisha bwenini ilikuwa Kiswahili. Mwaka 1887 mwalimu wao, A. C. Madan, alichapisha kitabu kiitwacho Kiungani, chenye simulizi za maisha yao walizoziandika wenyewe, yeye akazitia Kiingereza. Mwaka uliofuata, 1888, skulini hapo hapo likaanza kutoka gazeti la Kiswahili lililoitwa Msimulizi, lililodumu hadi 1896. Wanafunzi na waliopata kuwa wanafunzi ndio walioliandika, na mikono ya wanafunzi ndiyo iliyopanga herufi za risasi mtamboni. Walioondoka kwenda kusomesha katika vituo vya bara, Masasi, Newala, Magila, mpaka Likoma ndani ya Ziwa Nyasa, walileta barua za habari: nani amefariki, nani ameoa, safari ilikuwaje, mchezo uliishaje.

Sitaki kuipaka asali Kiungani. Ilikuwa skuli ya wamisionari wenye mkono mzito, na jicho la padri lilipita juu ya kila ukurasa. Wenzao wa kike wa Mbweni, ambako magofu ya skuli ya Mtakatifu Maria yangaliko hadi leo kando ya bahari, walifunzwa kushona na kufua, na waliochaguliwa wakafunzwa ualimu. Gazeti lilikuwa la wavulana. Pamoja na yote hayo, watazame tena wale vijana. Walikuwa hawana baba wala mama wa kuwatetea, hawana ukoo, majina yao yenyewe wamebadilishiwa. Hata hivyo, waliaminiwa na mtambo wa chapa. Leo mtoto wetu mwenye wazazi wawili, shangazi watatu na mwakilishi wa jimbo haaminiwi na ubao wa matangazo.

Mimi mwenyewe nilikaa dakhalia katika miaka ya 1980, miaka ya dhiki, wakati kipande cha sabuni kilikatwa mara tatu na kila kipande kikawa na mwenyewe. Chakula chetu sitakieleza. Waliokila wanakikumbuka, na wasiokila wanastahiki kuhifadhiwa. Lakini tulikuwa na kamati ya maulidi. Kila mwaka wanafunzi wa dakhalia walisoma maulidi, wakaalika skuli mbili tatu za jirani, na kazi yote ilikuwa yetu: kuchangisha, kuandika barua za mialiko, kukodi mikeka, kutafuta mchele (na mchele miaka ile ulikuwa unatafutwa kama anavyotafutwa mtu aliyepotea), kupanga nani atasoma mlango gani, nani atamimina marashi, nani ataosha masufuria usiku wa manane. Walimu walialikwa kama wageni wengine. Wanafunzi wenzetu wachache wa Kikristo walichukua zamu za jikoni ili sisi tukae majlisini, na ilipofika Krismasi zamu ile tuliirejesha. Hapana mwalimu aliyetupangia hilo.

Mwaka mmoja nilichaguliwa mshika fedha. Nilikuwa na daftari na kopo la maziwa ya unga lenye kufuli dogo. Wiki mbili kabla ya shughuli, rafiki yangu wa kitanda cha juu alipata habari kuwa bibi yake amefariki Pemba, na hakuwa na nauli ya MV Mapinduzi. Nikafungua kopo, nikampa shilingi arubaini, nikijiambia atarudi nazo. Alirudi, hakurudi nazo. Siku ya kikao cha hesabu nikasimama mbele ya wenzangu nikasema kilichotokea. Nilitaraji wataguswa. Kwa hakika waliguswa, yuko aliyelia, kisha wakapiga kura kwamba nizilipe zote ndani ya wiki nne, na kwamba tangu siku ile kopo liwe na kufuli mbili na funguo zikae kwa watu wawili. Rafiki yangu mwenyewe aliinua mkono kuunga mkono. Nilizilipa kwa kuwafulia watu mashati.

Nimesoma vyuo vitatu baada ya hapo, katika nchi mbili. Hakuna mhadhara wa utawala bora ulionifundisha tofauti kati ya huruma na hesabu kama kile kikao cha nusu saa juu ya vitanda vya chuma. Walionihukumu walikuwa watoto wenzangu, na hilo ndilo lililokuwa na uzito. Lau mwalimu mkuu angenichapa bakora kwa kosa lile lile, ningejifunza kuwaogopa walimu wakuu tu.

Sasa nifike mahali ambapo mimi si shujaa. Kabla ya kuja chuo kikuu nilisomesha sekondari, katika skuli moja ya kisiwa hiki ambayo sitaitaja, yenye dakhalia ya wasichana. Nilikuwa mlezi wa klabu ya uandishi. Tulikuwa na gazeti la ukutani, karatasi kubwa zilizobandikwa kila wiki mbili nje ya maktaba: mashairi, mafumbo, matokeo ya netiboli, hadithi za mapenzi ambazo nilikuwa nikizipunguza makali. Mhariri wake alikuwa msichana wa kidato cha tatu, mtoto wa mvuvi, mwenye mwandiko mzuri kuliko wangu. Mwaka ulikuwa 2002. Damu ya Januari 2001 ilikuwa haijakauka katika kumbukumbu za watu, Muafaka wa CCM na CUF uliotiwa saini Oktoba mwaka ule ulikuwa bado mbichi, na neno "siasa" ukilitamka katika ofisi ya walimu watu walitazama mlango.

Toleo moja lilitoka na jadweli. Hapakuwa na shairi wala maneno ya jazba. Msichana yule alikuwa ameweka daftari mwezi mzima, akaandika kila siku maji yametoka saa ngapi katika mifereji ya dakhalia, yamefunga saa ngapi, na ndoo ngapi zilichotwa kutoka kisima cha jirani. Chini yake akaandika sentensi moja kwamba wasichana wanaamka saa tisa usiku kupanga foleni. Basi. Hakumlaumu mtu.

Ilibaki ukutani kwa vipindi viwili. Mwalimu mkuu aliniita, akaniuliza ni nani aliyewatuma watoto hawa. Nikamwambia hapana aliyewatuma. Akasema, kwa sauti ya chini na nadhani kwa khofu ya kweli, kwamba karatasi ile ikionwa na mtu fulani au ikionwa na mtu wa upande wa pili, skuli itageuzwa uwanja, na wa kwanza kuulizwa atakuwa yeye na wa pili mimi. Mezani palikuwa na barua iliyokwisha kupigwa chapa, ikisema kuwa klabu ya uandishi inasimamishwa "ili kuwapa wanafunzi muda zaidi wa kujisomea". Palikuwa na nafasi ya saini ya mlezi. Nilitia saini. Nilikuwa na mke, mtoto mchanga na ajira ya serikali. Hizo ni sababu, na sizitoi kama udhuru. Daftari la maji lilichukuliwa kama kielelezo. Msichana hakuadhibiwa, aliambiwa tu asome. Alisoma, akafaulu.

Natambua kwamba nimekieleza kisa hiki kana kwamba ni cha zama zilizopita. Maridhiano yamekuja, kura ya maoni ya Julai 2010 imepita, serikali ya umoja wa kitaifa imeundwa, ikavunjika, ikaundwa tena. Lakini ile sentensi ya barua niliyoitia saini imeishi kuliko siasa zote hizo. "Muda zaidi wa kujisomea." Ndiyo sababu inayotolewa leo kila klabu inapofungwa au kuachwa ife, na leo inatolewa bila ya khofu yoyote ya polisi, kwa imani safi. Skuli za Unguja na Pemba zimewahi kujikuta mkiani mwa orodha za Baraza la Mitihani la Tanzania, tukaaibika mbele ya bara, na dawa tuliyoiona ni saa. Prepu ya asubuhi, prepu ya usiku, tuisheni ya Jumamosi, kambi za mitihani ambamo hata mtoto wa kutwa huhamishiwa skulini na godoro lake. Alhamisi jioni, ambayo sisi tulikuwa na mdahalo, siku hizi ni hisabati.

Siwabezi wazazi. Mzee mmoja wa Donge aliwahi kuniambia: "Mwalimu, mimi nimeuza ng'ombe mwanangu akae dakhalia apasi. Kucheza angecheza hapa hapa na ndugu zake." Mtu aliyeuza ng'ombe hajibiwi kwa nadharia. Nilimjibu, na namjibu tena, kwamba mwanawe anayekaa na kitabu saa kumi na nne kwa siku hasomi saa kumi na nne. Kila aliyewahi kuisimamia prepu ya saa tatu usiku anajua ni vichwa vingapi vimelala juu ya Kiswahili na ni vingapi vinachora. Saa mbili za wiki tulizoziiba kwenye klabu hazikutununulia alama. Zimetununulia yule kijana wa mstari wa mbele anayeniomba nimchagulie mwenyekiti.

Klabu hazikufutwa rasmi, bila shaka. Ukiingia katika ofisi ya skuli yoyote utakuta zimeorodheshwa: mazingira, skauti, afya, haki za watoto, kupinga dawa za kulevya. Nyingi zina asili njema mno. Roots & Shoots ya Jane Goodall, ambayo matawi yake yameenea duniani, ilianza mwaka 1991 Dar es Salaam, na wanafunzi kumi na wawili waliokaa barazani kwake wakieleza yanayowasumbua. Mpango wa Tuseme ulizaliwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1996, ukawapa wasichana wa sekondari njia ya kuyaigiza jukwaani yale yanayowakwaza skulini. Jina lake lenyewe ni tendo. Asili zote mbili ni watoto wanaosema na mtu mzima anayesikiliza. Yanayotokea baadaye tunayajua: unakuja mwongozo, inakuja fomu ya robo mwaka, mlezi anajaza idadi ya wanachama kwa jinsia, mtoto anavaa fulana, picha inapigwa, na mlezi anaondoka na ufunguo wa kabati. Katibu wa klabu hana kalamu, mshika fedha hajawahi kuona fedha.

Mandhari hii ina kichekesho chake. Tulipofanya Mapinduzi tulifuta majina ya wafalme kwenye skuli. King George VI ikawa Lumumba. Chuo cha ualimu cha Beit el-Ras, ambacho leo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kikaitwa Nkrumah. Tuna Ben Bella kwa Unguja na Fidel Castro kwa Pemba. Majina mazito. Basi tuwaulize wenye majina walijifunzia wapi. Patrice Lumumba alikuwa karani wa posta Stanleyville, Kisangani ya leo, na kabla hajasikika popote alikuwa mtu wa vikao: chama cha wafanyakazi wa posta, jumuiya ya Waafrika waliosoma, muhtasari, ada, uchaguzi. Kwame Nkrumah alikuwa mwanafunzi wa bweni alipofariki mwalimu wake Aggrey mwaka 1927. Yeye na wenzake wakaanzisha jumuiya ya wanafunzi kwa jina la marehemu, na humo ndimo alimozoea kusimama akasema. Nadhani kama wangesajiliwa katika baadhi ya skuli zetu leo, wote wawili wangeambiwa wakajisomee.

Kila Septemba tunaadhimisha tangazo la elimu bila malipo la mwaka 1964 kwa tamasha. Wanafunzi hukimbia, huimba, huigiza, na mimi hulipenda tamasha hilo kwa dhati, nikipata nafasi huenda. Ila mtazame nani anapanga ratiba, nani anachagua wimbo, nani anashika bajeti ya maji ya kunywa. Ingekuwa mimi nashauriwa, ningeomba kitu kidogo sana, hata waziri asihitaji kukitangaza: kila dakhalia iwe na klabu moja, moja tu, ambayo wanafunzi wanashika hesabu zake wenyewe, wanachagua viongozi wake kwa kura ya siri, na wana ukuta wa futi sita kwa nne ambao mwalimu haruhusiwi kubandua kitu kabla ya kukaa kikao na waliokibandika. Mlezi awepo. Awe kama wale walimu wetu wa maulidi, aalikwe. Watakosea hesabu, bila shaka. Mimi nilikosea, na gharama yake ilikuwa shilingi arubaini.

Ramadhani hii, usiku, nilikuwa Forodhani napita na mwanangu. Mwanamke mmoja mwenye watoto wawili akanisimamisha. "Shikamoo, mwalimu." "Marahaba, mwanangu," nikajibu, na uso nikaujua kabla ya jina. Ni muuguzi sasa. Tukaulizana hali, wazee, watoto. Nikataka kusema neno kuhusu ile barua, nimelitayarisha neno hilo kwa zaidi ya miaka ishirini, na halikutoka. Yeye ndiye aliyeanza, huku akicheka na akimfuta mtoto sosi ya urojo mdomoni: "Mwalimu, lile daftari langu la maji mulilitia wapi?"

Nikamwambia nitalitafuta. Juzi nilikwenda skuli ile. Jengo la ofisi limejengwa upya, na mwalimu mkuu wa sasa, kijana mkarimu, alinifungulia stoo. Tulipekua mafaili ya miaka ile mpaka adhana ya Alasiri. Barua yangu nimeiona, imetunzwa vizuri, saini inasomeka. Daftari hatukulipata. Tulipotoka, nilimuuliza maji yanatoka saa ngapi siku hizi katika dakhalia ya wasichana. Akanijibu kwamba kwa kweli hajui, itabidi awaulize wao.